Mwerebi mfupi wa Hakuro-nishiki: uzoefu wangu

Nimeupanda mwerebi (kwa Kiingereza willow) wa aina ya Hakuro-nishiki katika bustani iliyo nyuma ya nyumba yetu hapa Leicester, Uingereza, na baada ya kuutunza kwa misimu kadhaa ninaupendekeza bila kusita kwa mtu mwenye eneo finyu na udongo usiokauka upesi. Asili yake ni Japani, na uliletwa Uholanzi mwaka 1979. Ukiachwa hufikia mita 2 hivi, lakini ukipogolewa kila mwaka haupiti sana usawa wa kifua.

Uzuri wake wote uko kwenye machipukizi. Baridi inapokwisha, ncha ya kila kijitawi hutoa majani ya rangi ya waridi, yanayofuata chini yake huwa meupe kama maziwa, na ya chini zaidi huwa ya kijani yenye madoa, kiasi kwamba ukikitazama kichaka kwa mbali utadhani kimechanua maua, kumbe ni majani matupu, membamba, yenye urefu wa sentimita 5 hivi. Kuelekea katikati ya kiangazi rangi hufifia. Majani yakishapukutika, hubaki vijiti vyenye wekundu unaokaribia rangi ya chungwa, navyo hupendeza sana theluji inapoanguka.

Kijikaratasi kilichofungwa kwenye mche nilioununua kilidai kwamba mmea huu hauhitaji matunzo, na dai hilo linawapotosha wanunuzi. Rangi hutoka kwenye matawi machanga, kwa hiyo kichaka kisichopogolewa huzidi kuwa cha kijani kadiri miaka inavyokwenda. Mimi hupogoa mwishoni mwa Februari, kabla macho ya matawi, yaani vichipukizi vilivyofumba, hayajafumbuka: matawi makongwe huyakata karibu na ardhi, na yaliyobaki huyapunguza zaidi ya nusu. Likichomoza tawi lenye majani ya kijani kitupu, huliondoa lote hadi kwenye shina, kwa kuwa tawi la namna hiyo hukua kwa nguvu kuliko yale yenye madoa na mwishowe huyafunika.

Jambo la pili ni maji. Mwezi Julai 2022, joto la Uingereza lilipovuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza, majani meupe yaliungua kingo yakawa ya kahawia, ilhali yale ya kijani hayakudhurika sana. Nilimwagilia shinani kila jioni na kutandaza mboji nene, na machipukizi mapya yakatoka. Jua la asubuhi na kivuli chepesi cha alasiri ndivyo vinavyoufaa zaidi. Mizizi yake hufuata unyevu, hivyo usiupande karibu na mabomba ya maji taka.

Madukani pia huuzwa ule uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina refu lililonyooka la mmea mwingine, na bei yake ni kubwa zaidi. Kwa maoni yangu kichaka cha kawaida ni bora, kwa sababu ule wa shina refu hukulazimu kung'oa kila mara machipukizi yanayojitokeza chini ya kiungo. Tena kichaka hukupa miche ya bure: vijiti vilivyokatwa Februari, vikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu, huota mizizi bila dawa yoyote, na majirani zangu wawili wamekwisha kupata yao kwa njia hiyo.