Safari ya vituo vingi kwa pointi za ndege: anayetoka Kisumu achague mpango upi?

Wiki iliyopita shemeji alikuja nyumbani na daftari dogo la shule, lile la kurasa 32. Ndani ameandika namba tatu za uanachama wa mashirika ya ndege, na kando ya kila namba, salio lake kwa wino mwekundu. Ni matunda ya safari za kikazi za miaka sita. Anataka kumpeleka mkewe Atlanta kwa binti yao, wapitie Amsterdam kwa dada yake wakae siku nne, ndipo waendelee. Akaniuliza, pointi zipi atumie?

Nimeulizwa swali hili sebuleni, matangani, hata kwenye foleni ya benki, kwa hiyo nimeona niliandike. Nitayapanga machaguo kwa nafasi, lakini sitayapima kwa uchache wa pointi. Pointi hununua kiti tu. Sisi wa huku magharibi mwa Kenya tuna mambo matatu ya kupima kwanza: tiketi inaanzia Kisumu au Nairobi, mji wa kupumzikia unaipokeaje paspoti ya Kenya, na ni pesa ngapi za ushuru na ada zitakazotoka mfukoni.

Neno moja kabla ya kupanga. Kwenye safari ya kimataifa, ukikaa mji wa kati chini ya saa 24, hiyo ni transiti na kwa kawaida haikuongezei pointi. Ukipitisha saa 24, unahesabiwa umesimama, na hapo ndipo mipango hutofautiana sana. Wengine huruhusu bure, wengine kwa ada, wengine hukuuzia kama safari mbili. Kama unachotaka ni kula chakula cha jioni na rafiki na kulala usiku mmoja, panga saa 22 au 23, mradi viza ya kutoka uwanjani unayo.

Suala la tiketi moja, yaani vipande vyote vya safari viwe kwenye tiketi hiyo hiyo, nina uchungu nalo, acha nilieleze. Mwaka 2019 nilimkatia mama tiketi ya pointi kuanzia Nairobi, kisha kipande cha Kisumu hadi Nairobi nikakinunua kando kwa sababu kilikuwa nafuu. Asubuhi ile ndege ya kutoka Kisumu ilichelewa saa tatu. Mama alikaa kwenye kiti cha uwanjani na omena aliyoifunga vizuri kwa ajili ya wajukuu, akiniuliza kila baada ya dakika kumi kama bado. Ya kimataifa iliondoka bila yeye. Kwa kuwa zilikuwa tiketi mbili zisizojuana, hakuna aliyewajibika kumpakia kwenye nyingine, na alipokosa kipande cha kwanza cha tiketi ile, vyote vilivyofuata vilifutwa, hata vya kurudi. Tiketi ikiwa moja, ndege ya kwanza ikichelewa, wao ndio wanaokutafutia nyingine, na begi unalikabidhi Kisumu unakutana nalo mwisho wa safari. Ukilazimika kutenganisha, nenda Nairobi siku moja kabla. Kitanda cha usiku mmoja ni nafuu kuliko machozi ya mzazi.

Nafasi ya kwanza naipa Flying Blue, mpango wa Air France na KLM. Wakenya wengi wana akaunti huko bila kukumbuka, kwa sababu Kenya Airways iliutumia kama mpango wake kwa miaka mingi kabla ya kuanzisha Asante Rewards. Uzuri wake mkubwa ni kwamba tiketi ya maili, jina wanaloziitia pointi zao, inakuruhusu kusimama mji mmoja njiani kwa zaidi ya saa 24 bila kuongezewa maili. Hiyo ndiyo safari ya shemeji hasa: Nairobi, Amsterdam siku nne, Atlanta. Tena Kenya Airways imo pamoja nao kwenye SkyTeam, muungano wa mashirika ya ndege, tangu 2010, kwa hiyo siku ambayo viti vya maili vya Kisumu–Nairobi vimeachiliwa, kipande hicho kinaweza kuingia kwenye tiketi hiyo hiyo. Tovuti ikikataa kukuunganishia, usikate tamaa. Tafuta kila kipande peke yake, andika tarehe na namba za ndege, kisha piga simu umsomee mhudumu kimoja kimoja.

Kasoro zake nazo zipo. Bei ya maili hupanda na kushuka kama bei ya nyanya soko la Kibuye. Mwanachama wa ngazi ya chini hupata maili 4 kwa kila yuro ya nauli ya Air France au KLM, na ushuru wa serikali hauhesabiwi, kwa hiyo kujaza kibaba huchukua muda. Maili zenyewe huisha baada ya miaka miwili usipofanya safari inayokubalika. Na kubwa kuliko yote, kulala Amsterdam au Paris kunataka viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Shemeji anayo. Usipokuwa nayo, mpango huu unashuka hadi nafasi ya pili kwako, na unaofuata ndio wako.

Huo ni Aeroplan, wa Air Canada. Najua utauliza mtu wa Kondele na Air Canada wanajuana wapi. Wanajuana kupitia Star Alliance, muungano mwingine wa mashirika ya ndege, ambamo Ethiopian Airlines imo tangu 2011. Ukisafiri na Ethiopian, Turkish au Lufthansa, unaweza kuandikisha safari yako kwenye Aeroplan badala ya mpango wa shirika lenyewe, ukafungua akaunti bure. Wakati wa kutumia, kusimama mji wa njiani hugharimu pointi 5,000 za ziada kila upande, na unaweza kukaa hadi siku 45, ila mji huo usiwe Kanada wala Marekani. Aeroplan haikutozi ada ya mafuta kwenye tiketi za pointi, na tiketi ya washirika ina ada ya dola 39 za Kanada. Kwa mfuko wa mshahara wetu, tofauti hiyo inaonekana.

Lakini kinachonifanya niupende ni Addis Ababa. Mwenye paspoti ya Kenya hahitaji viza kuingia Ethiopia. Anapita tu. Unaweza kukaa Addis siku tatu ukielekea Toronto au Washington, ukanywa kahawa iliyokaangwa mbele yako, moshi wake ukiletewa puani uunuse kabla ya kumiminiwa kikombe cha kwanza, na hukupanga foleni kwenye ubalozi wowote kwa ajili ya siku hizo tatu. Hakuna kituo kingine kikubwa kwenye orodha hii kinachokupa uhuru huo. Dosari yake kwetu ni kwamba Ethiopian haiji Kisumu, kwa hiyo kipande cha Nairobi ni cha kujitegemea, na nimeshasema nenda siku moja kabla.

Nafasi ya tatu ni Avios, sarafu inayotumiwa na British Airways, Qatar Airways, Iberia na wengine. Zinahamishika kati ya akaunti zako za mashirika hayo moja kwa moja, bila kupungua, na hilo ni jambo zuri kwa mwenye vijisalio vilivyotawanyika. Tatizo ni kwamba kwa kawaida hupimwa kwa umbali, na ukisimama zaidi ya siku moja unalipia vipande viwili. Kwa safari fupi fupi hesabu hiyo si mbaya. Kwa safari ndefu inauma. Kupitia Doha ni rahisi maana ukibaki ndani ya uwanja wa Hamad huhitaji viza. Kupitia London ni hadithi nyingine: paspoti ya Kenya inahitaji viza ya transiti hata usipotoka Heathrow, isipokuwa uwe na viza halali ya nchi kama Marekani au Kanada. Ukilala London zaidi ya saa 24 kisha ukaondoka, unatozwa ushuru wa abiria wa Uingereza, ambao kwa safari ndefu ni mzito. Nimeona tiketi “ya bure” ya mtu ikidai pesa zinazokaribia nauli ya ofa.

Miles&Smiles ya Turkish na Skywards ya Emirates naziweka pamoja nafasi ya nne. Zote mbili zinafika Nairobi, zote mbili vituo vyao vinataka viza ili utoke uwanjani. Zitumie kama salio tayari lipo, usianze kukusanya upya kwa ajili ya safari ya vituo vingi. Asante Rewards naiweka mwisho kwa kazi hii tu. Kwa anayepanda KQ, yaani Kenya Airways, mara kwa mara kwenda miji ya Afrika, au ile ndege ya moja kwa moja ya New York iliyoanza Oktoba 2018, ni mpango wa kuwa nao.

Kwa ndugu wa Busia, Bungoma na Malaba, jaribuni kutafuta viti kuanzia Entebbe pia. KLM, Ethiopian, Qatar, Turkish na Emirates wote wanatua pale, na Mkenya anavuka kwenda Uganda kwa kitambulisho tu. Mara kadhaa nimekosa kiti cha pointi Nairobi nikakipata Entebbe tarehe ile ile. Unaweza kuondokea Entebbe na kurudia Nairobi. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Shemeji tulimalizana naye hivi. Tuliangalia viti kwanza kabla ya kugusa salio lolote, maana mashirika mengi hufungua ndege takribani siku 330 hadi 360 kabla, na viti vya maili vya Desemba huisha mapema. Desemba hapakuwa na kitu. Tukapata Februari, viti viwili, pamoja na kipande cha Kisumu. Mhudumu wa simu alipomsomea jina, tukagundua akaunti ina majina mawili na paspoti ina matatu, likiwemo la baba yake. Tumetuma nakala ya paspoti lirekebishwe. Viti vimeshikiliwa hadi Ijumaa.