Vijana wa kuchinja kuku Mwanjelwa: kwa wenye kuku wa mayai waliochoka kutaga, nawapa nyota nne

Wafugaji wenzangu wa Mbeya, kama una leya waliochoka kutaga na unawaza uwapeleke wapi, mimi sasa hivi nawapeleka kwa wale vijana wanaochinja kuku pembeni ya soko la Mwanjelwa na kiukweli nimeridhika nao sana. Unaleta kuku wako wazima, wanachinja, wanachovya maji ya moto, wananyonyoa kwa mashine, wanatoa utumbo na ukitaka wanakukatia vipande kabisa, unalipa buku kwa kila kuku na ukiwa na wengi mnaongea.

Najua kuna watu wanaona huruma kuwaondoa, hata mimi nawahurumia, lakini tuongee hesabu. Leya anaanza kutaga akiwa na wiki 18 mpaka 20 hivi, akishika kasi vizuri banda linakupa asilimia 90 na zaidi, yaani kuku 100 mayai 90 na zaidi kwa siku, halafu linaanza kushuka taratibu, ikifika wiki ya 72 mpaka 80 wengi tunaondoa. Shida ni kwamba mayai yanapungua ila kula hapunguzi, kuku mmoja anataka gramu 110 mpaka 120 kwa siku atage asitage, kwa hiyo kuku 100 wanakula karibu kilo 12, mfuko wa kilo 50 hata siku tano haufiki. Na hii baridi yetu ya Juni na Julai ndo wanakula zaidi ili wapate joto. Ulikuwa unajaza trei tatu kwa siku sasa unajaza moja na nusu, mfuko ni uleule, na hayo mayai yenyewe ganda limekuwa jepesi yanapasukia kwenye trei na mwenye duka anakurudishia.

Kuna wanaowapumzisha wabadilishe manyoya kisha waanze kutaga upya. Inawezekana, wakirudi mayai yanakuwa makubwa na ganda linakaza kidogo, ila wiki zote hizo unalisha bila kuokota kitu, kwa mwenye banda moja na vifaranga ameshaagiza haiendi.

Zamani nilikuwa nawauzia wachuuzi wanaopita majumbani na pikipiki na matenga. Bei wanapanga wao, ila hilo siyo lililoniuma, lililoniuma ni jinsi wanavyowabeba, anakamata miguu ya kuku wengi kwa mkono mmoja vichwa chini halafu anawatupia kwenye tenga. Leya aliyetaga mwaka na zaidi mifupa yake ni dhaifu jamani, madini ya chokaa yameishia kwenye maganda ya mayai, bawa au mguu unavunjika kirahisi sana na nimeona kwa macho yangu. Huyu kuku amekulipia ada ya watoto, si haki aondoke nyumbani kwako amevunjika mguu.

Hawa vijana wanamshika kuku kwa mikono miwili mabawa yakiwa yamebanwa, wanaosubiri wanakaa kivulini kwenye kreti. Kisu kinanolewa kila baada ya kuku kadhaa, anayechinja ni Mwislamu kwa hiyo hata jirani akija kula hana wasiwasi, na akishachinja anamuingiza kuku kwenye koni la bati kichwa kikitokea chini, damu inashuka yote na hajipigi pigi chini kwenye vumbi. Maji ya moto hawana kipimo, anamchovya halafu anavuta unyoya mrefu wa bawa, ukitoka bila kuulazimisha ndo anampeleka kwenye mashine, lile pipa lenye vidole vya mpira. Kuku mzee manyoya yameshika kuliko broila, wanalijua hilo, hawamharakishi.

Kilichonifanya niwaamini zaidi ni hiki. Kijana alimpokea kuku wangu mmoja, akampapasa chini karibu na tundu la kutagia akaniambia, "Mama, huyu bado anataga, shika hapa." Kuna vimifupa viwili pale kushoto na kulia, kwa kuku anayetaga vidole viwili mpaka vitatu vinapita katikati, tundu lenyewe ni pana na lina unyevu, aliyekoma hata kidole kimoja kinabana na tundu limekauka limejikunja. Akanionyesha na kilemba, cha huyo kilikuwa chekundu kimejaa, cha wenzake kimesinyaa kimepauka. Na miguu pia, kuku anayetaga sana miguu yake inapauka, ukiona imerudia unjano ujue amepumzika. Akaniambia nikimrudisha nimtenge kwanza kama wiki mbili, asichanganyike na wengine maana kuku aliyeshafika sokoni anaweza kurudi na ugonjwa wa mdondo, na siku nyingine niwapime usiku bandani wakiwa wametulia kabla sijawaleta. Mtu analipwa kwa kichwa, halafu anakwambia huyu usimchinje! Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa huyo kijana.

Wanauliza pia kama umewapa kuku dawa karibuni, ukisema ndiyo wanakwambia ukamalizie siku zilizoandikwa kwenye pakiti ndo urudi. Na wanataka kuku asile kuanzia usiku, maji anywe tu, ili utumbo uwe mtupu na nyama isichafuke.

Sasa nyama. Watu wanaidharau wanasema ngumu kama mpira, ni kwa sababu wanaipika kama broila. Huyu siyo wa kukaanga wala kuchoma. Ilaze kwanza usiku mmoja sehemu yenye ubaridi, kesho yake ipike kwa presha kuka, kama huna weka jiko la mkaa, moto mdogo, masaa matatu uache itokote taratibu. Kumbuka na sisi tuko juu, Mbeya ni kama mita 1,700 toka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi hayafiki 100, kwa hiyo ndugu yako wa Dar akikwambia kwake imeiva kwa masaa mawili wewe ongeza. Supu yake broila haigusi hata kidogo, na yale mafuta ya njano yanayoelea juu yaengue upikie wali wa Kyela au ndizi za Tukuyu, utanitafuta.

Kwenye hela pia naona tofauti. Mchuuzi alikuwa ananipa elfu sita kwa kuku mzima, hawa nikishawalipa buku lao, kuku safi nampelekea mama lishe wa supu kwa elfu tisa au kumi, na kila mara ananiuliza wengine lini.

Nyota moja nimeipunguza kwa usafi wa chini. Maji ya kunyonyolea na damu yanatuama pale pale, mtaro hautoshi, nzi wanakuwa wengi jua likishawaka, na hawana friza wala barafu, kwa hiyo ukichelewa kuondoka nyama yako inakaa kwenye joto. Mimi nimewaambia, wamesema wanajichanga, na naamini wakirekebisha hapo watapata mpaka wenye mahoteli.

Nenda asubuhi sana siku za katikati ya wiki, Jumamosi ni foleni na karibu na Krismasi, Pasaka na Idi ndo usiseme. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku toka 2019 kwa hiyo beba ndoo yako yenye mfuniko, na waambie mapema kama unataka firigisi na miguu maana usiposema wanaviweka pembeni.