Nimetibiwa masikio kwa kadi ya mke wangu

Nina umri wa miaka 67. Nilitoka Jeshi la Wananchi wa Tanzania mwaka 1997 nikiwa na cheo cha sajini, na sasa ninaishi katika kijiji kimoja cha uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, ambako nina shamba la mikorosho. Huduma ninayoieleza hapa ni matibabu ya masikio niliyoyapata kwa miezi kumi na moja katika vituo vitatu vya serikali: zahanati ya kijiji, hospitali ya wilaya na hospitali kubwa iliyopo mjini. Kwa wanaopenda nyota, ninatoa tatu kati ya tano, na moja katika hizo tatu ni ya daktari mmoja wa kike ambaye nitamfikia mbele kidogo.

Nilijiunga na jeshi mwaka 1977, na mwaka uliofuata, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, nilikuwa mpakiaji katika kikosi cha mizinga. Hatukuwa na vizibo vya masikio. Wengine walitumia pamba, wengine vidole, na ambaye mikono yake imekumbatia kombora hakuwa na kidole cha kuzibia chochote. Februari 1979, tulipokuwa tukiipiga Masaka, niliamka alfajiri moja nikakuta damu imekauka chini ya sikio la kushoto, nikapumzishwa siku mbili, nikarudi kwenye mzinga. Tangu hapo sikio hilo lina mlio mwembamba kama wa nyenje, usiku na mchana, nami kwa zaidi ya miaka arobaini niliuchukulia kama mtu anavyoichukulia kovu yake. Kilichonipeleka hospitali si mlio bali wajukuu: nilianza kuona midomo yao inacheza bila sauti kutoka.

Sasa kuhusu kadi. Nilipotoka jeshini Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya haukuwapo. Sheria yake ilitungwa mwaka 1999 na huduma zikaanza mwaka 2001. Mke wangu, ambaye kijiji kizima humwita Mwalimu, nami nikiwamo, alifundisha shule ya msingi hadi alipostaafu, na kila mwezi asilimia 3 ya mshahara wake ilikatwa huku mwajiri akiongeza asilimia 3 nyingine. Mtumishi aliyechangia hivyo akistaafu huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake, na mwenza huyo ndiye mimi. Wenzangu hunitania kwamba askari wa mizinga analindwa na chaki, na sina la kuwajibu kwa sababu ni kweli tupu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikwenda hospitali ya jeshi. Nilipokuwa kazini nilitibiwa Lugalo mara mbili na sina lawama yoyote. Hata hivyo Lugalo ipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara mjini, na mzee anayekwenda huko anahitaji nauli ya watu wawili, mahali pa kulala na ndugu wa kumvumilia. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yaliikata barabara ya kusini upande wa Kilwa na mabasi yakakwama. Kliniki ya masikio si ya mara moja, na safari ya namna hiyo siwezi kuifunga kila ninapopangiwa tarehe.

Zahanati ya kijiji sina mengi ya kuisema. Muuguzi alitazama, akaona nta, akaisafisha kwa maji ya uvuguvugu kwa uangalifu mkubwa, akaniandikia rufaa siku hiyo hiyo.

Hospitali ya wilaya ndiko nyota zangu zilikoanguka. Nilikwenda mara tatu, nikaonwa na matabibu watatu tofauti, na kila mmoja alimulika sikio kwa kurunzi kisha akaandika dawa ya matone ya kuua vijidudu, ilhali sikio halikuwa na usaha, harufu wala maumivu. Mara mbili matone hayo hayakuwapo kwenye dirisha la dawa, nikatumwa duka la nje linalopokea kadi, na mara zote mbili nilipofika duka lilikuwa na foleni ndefu kuliko ile niliyoiacha. Safari ya tatu mashine ya alama za vidole ilinikataa. Ilikuwa msimu wa korosho, nilikuwa nimebangua za kula nyumbani, na mafuta ya ganda yalikuwa yameibabua ngozi ya vidole vyangu. Binti wa mapokezi, kwa subira ambayo sitaisahau, alijaribu kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, akaendelea hivyo mpaka kile kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho ndicho kilichothibitisha kuwa mimi ni mimi.

Kero iliyonichosha kuliko zote ilikuwa benchi. Benchi la wazee lipo, bango la kutaka mzee apishwe lipo, na vijana kweli wanapisha. Tatizo ni kwamba mgonjwa huitwa kwa mdomo, kupitia tundu dogo la kioo, na mtu aliyevaa barakoa, chini ya feni inayolia. Siku moja nilikaa hapo tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Nilipokwenda kuuliza, nikaambiwa nimeitwa mara nne sikuitika, na faili langu limewekwa chini pamoja na ya waliokwisha kuondoka. Kila mtu katika benchi lile alikuwa amelisikia jina langu isipokuwa mimi, na hakuna aliyejua kuwa ni langu. Sikumlaumu aliyeniita. Nilijiuliza tu ni nani aliyebuni utaratibu wa kumwita mgonjwa wa masikio kwa sauti.

Mwalimu alilimaliza jambo hilo jioni ile. Alikata kipande cha boksi la sabuni, akatoboa matundu mawili, akapitisha uzi wa gunia, na kwa mwandiko ule ule wa ubaoni akaandika kwa kalamu nyeusi: SISIKII VIZURI. TAFADHALI NIGUSE BEGA. Mara ya kwanza niliona haya kukivaa kifuani, kwa maana ukubwani kutundikwa maandishi kama mtoto aliyefanya kosa darasani si jambo jepesi. Siku iliyofuata ya kliniki niliguswa bega kabla ya saa nne.

Baada ya hapo nilipewa rufaa ya kwenda mjini. Hapa lazima niseme kwamba kusini yetu imebadilika. Kabla ya hospitali ya rufaa ya kanda kufunguliwa pale Mitengo, mgonjwa wa kitu kidogo tu cha kibingwa alilazimika kuanza kuuliza nauli ya kwenda Muhimbili. Mimi nilipanda basi alfajiri na jioni nilikuwa nimerudi nyumbani.

Daktari niliyemkuta kwenye kliniki ya masikio, pua na koo alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake: aliinuka, akasogeza kiti chake hadi mbele yangu ili niuone mdomo wake, ndipo akasema, "Shikamoo babu." Nikamwitikia marahaba. Akauliza, "Babu, ujanani ulifanya kazi gani?" Nikajibu, "Mizinga." Akaandika, kisha akanyanyua uso, "Ya nyuki?" Nikamwambia, "Hapana mwanangu, ile mingine."

Alicheka, nami nikacheka, kisha akafuta alichoandika na kuandika upya. Nilipimwa katika chumba kidogo chenye mlango mzito, nikiwa na spika masikioni na kitufe mkononi cha kubonyeza kila nisikiapo mlio. Matokeo yalichorwa kwenye karatasi, na mstari ulikwenda vizuri kwa sauti nzito, kisha kuelekea hezi 4,000 ukaporomoka kama ardhi inavyoporomoka pale Shimo la Mungu, Newala. Daktari alinieleza kwamba mshindo wa mizinga huua vinyweleo vidogo sana vilivyo ndani kabisa ya sikio, kwamba vikifa havioti tena, na kwamba vinavyotangulia kufa ni vile vinavyopokea sauti nyembamba, yaani sauti za watoto na herufi kama s na f. Ndiyo sababu mtu akiniambia "sita" nasikia "ita" nami nageuka kumtafuta wa kuitwa. Alisema pia, bila kumsema mtu vibaya, kwamba hakuna matone yanayotibu hali hiyo.

Swali lile moja, ulifanya kazi gani, lingeulizwa wilayani, lingeniokolea miezi saba na chupa kadhaa za dawa. Fomu ya mapokezi ina nafasi ya dini na ya jina la balozi wangu, lakini haina pa kuandika kuwa mtu amewahi kuwa askari. Nimesoma kwamba Marekani, ambako wanajeshi wa zamani wana wizara yao na hospitali zao zaidi ya 170, mlio wa masikioni ndio ulemavu unaolipiwa fidia na watu wengi kuliko mwingine wowote. Sisemi kwamba kwao ni peponi, kwa kuwa mwaka 2014 iligundulika kwamba hospitali yao ya Phoenix ilikuwa na orodha za siri za kuficha muda ambao wagonjwa walisubiri, na waziri wao, Eric Shinseki, ambaye mwenyewe ni jenerali mstaafu, akajiuzulu. Lakini huko swali la ulipatia wapi tatizo hili ndilo la kwanza, kwa sababu fidia inalitegemea. Kwetu linategemea ni daktari gani ameketi siku hiyo.

Nami ni mwenye bahati. Jirani yangu alichukuliwa mgambo mwaka 1978, akavuka mpaka kama nilivyovuka, akarudi shambani vita vilipokwisha, bila pensheni na bila kadi. Hutibiwa kwa msamaha wa wazee wasiojiweza, akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji aliyoikunja mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Siku moja tulikwenda kliniki ya presha pamoja, tukaonwa na daktari yule yule, tukaandikiwa dawa ile ile, na dirishani ilikuwa imekwisha. Mimi nilikwenda duka la nje na kadi ya Mwalimu nikaipata. Yeye alirudi nyumbani na karatasi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nami kila nikikutana naye namtazama mkononi kuona kama imemfikia.

Kifaa cha kusikia kilinunuliwa na wanangu watatu kwa kuchanga, kwa hiyo katika tathmini hii sikihesabu kama huduma ya serikali, ingawa waliokifunga na kukirekebisha ni watumishi wa pale pale mjini, na walifanya kazi nzuri. Ninachomshauri mwenzangu atakayepewa ni kuhusu betri. Ni ndogo kama kitufe cha shati, ina kibandiko, na ukishakibandua hewa huingia ikaanza kutumika hata kama umeiweka mezani, kwa hiyo usimruhusu mjukuu aibandue kwa kuchezea. Kwangu moja hukaa wiki moja na siku chache. Huku uwandani haziuzwi. Mwanangu hunitumia kwa basi kutoka Dar es Salaam. Nimebakiwa na mbili, na tarehe yangu ya kliniki ni baada ya wiki tano, kwa hiyo kipande cha boksi bado kimetundikwa nyuma ya mlango.