Baiskeli ya kulala chali: baiskeli safi, fundi hapana

"Cheni ilizidi hii mzee, nimekupunguzia." Fundi wa duka moja la baiskeli za mtumba hapa Iringa ananiambia hivyo huku anajifuta grisi, anasubiri asante. Ilizidi vipi? Kwenye baiskeli hii ya magurudumu matatu, unayoiendesha umelala chali, pedeli ziko mbele kabisa na gurudumu linalozungushwa na cheni liko nyuma. Cheni inapita chini ya kiti, kwenye puli (kigurudumu kidogo cha kuiongoza), na urefu wake unakaribia mara tatu ya cheni ya Phoenix. Yeye kaing'oa puli, cheni ikalegea, basi akakata pingili. Puli yangu kaitupia kwenye kopo la misumari!

Napandisha Ipogoro kwenda mjini, naingiza gia nyepesi. Cheni haitoshi. Mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha cheni, ukavutwa, ukapinda, ukaingia kwenye spoki. Malori yanapiga honi, na mimi kichwa kiko usawa wa matairi yao. Kuanguka sikuanguka, maana magurudumu mawili ya mbele yanaishika vizuri, ila mlima wote uliobaki niliikokota.

Nikarudi dukani. "Mzee si ununue bajaji tu?" Wenzake wakaangua kicheko. Eti haya ni mambo ya juzi, Wachina wanajaribu. Ya juzi! Charles Mochet, Mfaransa, alianza na kigari cha pedeli cha magurudumu manne, kisha akatengeneza baiskeli ya kulalia ya mawili. Mwaka 1933 Francis Faure akaipanda na kuvunja rekodi ya saa moja, zaidi ya kilomita 45. Mwaka 1934 UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, wakaitoa mashindanoni. Mimi nasema ndiyo maana mpaka leo fundi anaiona ni kituko.

Nilikuja hapa kuwaambia msinunue. Lakini mgongo wangu, ambao ulikuwa unaniliza kila jioni, umetulia kabisa. Na mlimani unakwenda polepole unavyotaka bila kuyumba, hata ukichoka unasimama hapo hapo ukiwa umekaa. Kwa hiyo nunueni, japo vumbi la barabarani lote utalila wewe.

Duka lile msikanyage. Haya, mtakanyaga tu, maana spea zake sijaziona kwingine, ila simama juu ya kichwa cha fundi mpaka amalize. Mkono wa gia wameniuzia mwingine kwa bei kamili, na puli wanasema niende Jumamosi. Jumamosi ipi, hawasemi.