Kliniki ya fizikali ya DOT kusini mwa Dallas: nyota 4, ya tano imeliwa na parking

Madereva wenzangu wa semi (malori ya trela) mlioko Dallas na Fort Worth, na nyie mnaopita tu na I-20 mnaulizana kila siku wapi pa kupima fizikali ya DOT (upimaji wa afya ambao Wizara ya Uchukuzi ya Marekani inamtaka dereva wa lori aufanye), naandika hapa mara moja niache kujibu mmoja mmoja. Jina la kliniki siweki humu, anayetaka aniulize pembeni. Ila kabla hujauliza bei (najua ndo utaanza na hilo), bei ni dola 110 na bima ya afya hailipi, kwa sababu kwa bima nyingi hii haihesabiwi matibabu. Kuna wanaopima kwa 75 na kuna wanaokata 150, na mimi nishaona watu wanakimbilia ya bei rahisi halafu wanatoka na kadi (cheti cha afya cha kuruhusiwa kuendesha) ya miezi mitatu na hawajui hata imetokana na nini. Kitu cha kuangalia ni nani anakupima na anaijua vipi sheria, basi.

Maana siyo kila daktari anaruhusiwa. Tangu tarehe 21 Mei 2014 kadi ya medikali ya dereva wa kibiashara lazima isainiwe na mpimaji aliyesajiliwa kwenye rejista ya taifa ya FMCSA (shirika la serikali kuu linalosimamia usalama wa malori), daktari wako wa familia hata kama anakujua toka umefika Marekani, kama hayumo humo karatasi yake haina kazi. Rejista iko wazi mtandaoni, unaweka zip code yako inakupa majina. Na huyo mpimaji si lazima awe daktari, anaweza kuwa nesi wa ngazi ya juu au hata mtu wa kunyoosha migongo, wapo wengi tu. Wa hapa ni mama mmoja nesi mtu mzima, haongei sana lakini ukimuuliza swali anakujibu na kifungu cha sheria juu.

Sasa nianze na presha maana huko ndiko wabongo na wakenya tunakoangukia. Kliniki moja ya haraka haraka niliyokuwa naenda zamani walikuwa wanakupima ukiwa umesimama hapo hapo mlangoni, umetoka kuendesha usiku kucha, tumboni una kahawa na enaji drinki, mashine inasoma 148 juu ya 92, wanaandika mwaka mmoja, kwaheri, mwakani lete hela tena. Huyu mama mara ya kwanza mashine ilisoma 146, akaniambia kaa, weka miguu chini, nyamaza, usiguse simu. Akaenda zake. Alivyorudi ikasoma 132 kwa 84, akaandika miaka miwili, ambayo ndiyo mwisho wa kadi yoyote, hakuna inayozidi miezi 24. Na hajanipendelea, fomu yenyewe ya upimaji ina nafasi ya kipimo cha pili cha presha, sema wengi hawajisumbui.

Akanieleza na ngazi zake, nawapa kama alivyonipa. Chini ya 140 kwa 90 uko sawa. Ukiwa 140 mpaka 159, au ya chini 90 mpaka 99, mwongozo unasema kadi ya mwaka mmoja. Ukiwa 160 mpaka 179, au 100 mpaka 109, unapewa miezi mitatu mara moja tu ukajitibu urudi. Ukigonga 180 au 110 huendeshi mpaka ishuke, na ikishuka unakuwa mtu wa kupima kila miezi sita. Huo ni mwongozo wa wapimaji, sheria yenyewe haina namba, inasema tu usiwe na presha inayoweza kukuzuia kuendesha kwa usalama. Kwa hiyo mpimaji ana nafasi ya kutumia akili, na hapo ndipo unaona tofauti ya 75 na 110.

Macho na masikio yanaenda haraka. 20/40 kila jicho, na miwani inaruhusiwa, uone pembeni nyuzi 70 kila upande na ujue taa nyekundu, ya kijani na ya njano. Masikio wanakunong'oneza ukiwa futi tano, ukikosa wanakuweka kwenye mashine. Mkojo jamani siyo wa madawa ya kulevya, narudia tena kwa sababu kuna kijana aliogopa mpaka akaahirisha safari: huu wanaangalia sukari, damu, protini na uzito (ukolezi) wa mkojo. Kile cha madawa ni kipimo kingine kabisa, kampuni ndiyo inakutuma, japo hapa wanafanya vyote viwili chumba kimoja na ndiyo maana watu wanachanganya.

Mapokezi kuna dada Mcongo, Kiswahili chake cha Bukavu, na kiukweli yeye peke yake ni nusu ya sababu ya hizi nyota. Ile fomu ya historia ya afya ina maswali mengi na Kiingereza chake kinachosha, mzee mmoja mbele yangu alikuwa anatiki "hapana" mstari mzima bila kusoma, dada akamwambia taratibu, "Papa, ngoja kwanza, unakunywaka dawa gani kila siku?" Mzee akasema dawa hakuna, ni mlonge tu na zile za mizizi anazotumiwa kutoka nyumbani. Basi na hizo zinaandikwa! Fomu inauliza dawa za hospitali, za dukani, za mitishamba na virutubisho, zote. Wewe unasaini chini kwamba umesema kweli, na ikigundulika umedanganya cheti kinaweza kufutwa na adhabu juu. Bora uandike mwarobaini wako uishie hapo.

Kwenye hilo hilo, wale wa miraa. Najua huko Mombasa mpaka Malaba watu walikuwa wanakesha nayo barabarani na hakuna aliyeshtuka, ila hapa kile kilichomo ndani ya jani bichi, kathinoni, serikali ya Marekani imekiweka kundi moja na heroini, na dereva anayetumia kitu chochote cha kundi hilo hapati kadi. Na bangi hivyo hivyo, usiniambie jimbo lako limehalalisha, leseni yako ya CDL (ya udereva wa kibiashara) inafuata sheria ya shirikisho.

Malalamiko yangu sasa. Mkoromo. Huyu mama akiona una shingo nene na kitambi, na ukatiki kwamba unakoroma, anakutuma kupima usingizi. Mimi shingo yangu ya kurithi, alipotoa futi ya fundi cherehani nikajua leo kuna kazi. Nikamuuliza sheria inasema inchi ngapi, akakubali mwenyewe kwamba hakuna inchi kwenye sheria, FMCSA walianza mchakato wa kutunga kanuni ya kukosa pumzi usingizini mwaka 2016 wakauacha 2017, kwa hiyo imebaki kwa mpimaji. Yeye anasema heri akutume kuliko ulale kwenye usukani na paundi 80,000 nyuma yako. Sawa, namwelewa, tumezika watu kwa usingizi. Ila kipimo kinauma mfukoni, na mtu aliyetumwa ukimwambia akatafute bei nafuu yeye mwenyewe ni kama hujamsaidia. Wangekuwa na maelewano na sehemu moja tu wakatupa bei, nisingelalamika.

Kitu wanachofanya vizuri ambacho sijakiona kwingine ni kutokukufelisha ovyo. Kama kuna karatasi inakosekana, ripoti ya daktari wa moyo tuseme, mpimaji anaruhusiwa kuandika kwamba uamuzi bado unasubiri, anakupa mpaka siku 45 ulete, na kama kadi yako ya zamani bado haijaisha unaendelea kufanya kazi. Kama imeisha unakaa nyumbani. Kwa hiyo nendeni kadi ikiwa bado na mwezi au miezi miwili, siyo siku ya mwisho saa kumi jioni huku dispacha (anayekupangia mizigo) anapiga simu.

Wenye sukari wanaochoma insulini, kwenu ni habari nzuri ambayo wengi hawana. Tangu Novemba 2018 hakuna tena kuomba kibali maalumu Washington. Daktari anayekutibu sukari anajaza fomu ya MCSA-5870, unakwenda nayo kwa mpimaji kabla siku 45 hazijapita, na unatakiwa uwe na rekodi ya mashine yako ya kupima sukari ya miezi mitatu. Kadi yako ni ya mwaka mmoja tu, lakini unaendesha. Jamaa yangu mmoja aliambiwa kwingine "insulini hapana" akataka kuuza lori, hapa walimpa orodha ya karatasi wakamwambia rudi nazo, na amerudi barabarani. Hata mwenye jicho moja zuri siku hizi kuna njia, toka Machi 2022, na yeye ana fomu yake ya daktari wa macho, MCSA-5871.

Kuhusu karatasi: toka tarehe 23 Juni 2025 matokeo ya mwenye CDL yanatumwa kwa kompyuta, mpimaji anatakiwa ayaingize kabla ya saa sita usiku ya siku inayofuata, FMCSA wanayapeleka jimboni kwako na yanakaa kwenye rekodi ya leseni. Majimbo mengine yalichelewa kujiunga ndiyo maana bado unasikia watu wanaulizwa karatasi kwenye mizani. Hawa waliingiza yangu siku ile ile na wakanipa na nakala nikaiweka kwenye gari. Hata hivyo angalia rekodi yako mwenyewe baada ya siku chache, usimwachie mtu, kwa sababu jimbo likiona huna medikali linatakiwa kuishusha leseni yako ndani ya siku 60, na kuirudisha ni foleni nyingine DPS, ofisi ya leseni ya Texas.

Nyota ya tano wameipoteza kwa parking. Kliniki ya madereva wa malori haina pa kuweka lori, sijui nani alifikiria! Bobteli (kichwa cha lori bila trela) labda uibane nyuma ya duka la matairi kama mwenye duka kaamka vizuri, trela usijaribu, liache truck stop uchukue Uber. Jumapili wamefunga, Jumamosi mwisho saa saba mchana, cash hawapokei. Apointimenti siyo lazima ila ukienda Jumatatu utakaa sana, Jumatano asubuhi nilikuta watu wawili tu mbele yangu. Beba miwani yako, chupa zote za dawa unazokunywa, na kama una daktari wa presha au sukari chukua barua yake kabla hujafika, utaokoa siku nzima.