MGB, gari la michezo la Uingereza: kuunda upya injini yake au kuweka V8 (ya silinda nane) ya Rover?

Injini ya asili ya sentimita za ujazo 1,798 huchongwa silinda hadi 1,950, ikawekewa pistoni kubwa na kemshafti (shafti inayofungua vali) kali kiasi. Maunti (vishikilio vya injini), giaboksi na rejeta havibadiliki. Ila pima kwanza unene wa kuta za silinda: bloku lililoliwa na kutu upande wa maji hupasuka.

V8 ya 3,528 ni ya alumini, kwa hiyo haielemei mbele kama wengi wanavyodhani. Kazi ipo kwenye eksozi, inayobanana na shafti ya usukani, na kwenye joto. Difu (gia za ekseli ya nyuma) nayo ibadilishwe, uwiano wa 3.9 kwenda 3.07, la sivyo injini italia bure. Bodi zenye bampa za mpira huipokea bila kukatwakatwa. Za kabla ya bampa hizo, bora injini ya asili ya 1,950.