Kamera ya kurekodi familia ikivua ziwani: ipi ununue, ipi uache

Wakuu, hii ni kwa wenzangu wa Mwanza wenye mzee nyumbani ambaye bado anaingia ziwani, na watoto ambao shule zikifungwa tu wanataka kwenda naye. Zirekodini hizo safari. Desemba ya mwaka juzi tulitoka Igombe alfajiri, mimi na baba na binti yangu wa miaka 9, baba akamfundisha kuweka chambo kwenye ndoano, mtoto akavuta sato wake wa kwanza kwa mikono yake mwenyewe, nimerekodi kila kitu, halafu wakati tunageuza mtumbwi kasia likagonga kishikizi cha kamera, kamera ikaenda majini. Ikazama palepale. Maji yetu mnayajua yalivyo ya kijani, nani atapiga mbizi kutafuta kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Na baba sasa magoti hayamruhusu tena kupanda mtumbwi, kwa hiyo ile video haina marudio.

Tangu hapo nimezifuatilia sana hizi kamera ndogo za matukio (action camera), nimeazima, nimenunua, nimejaribu za jamaa. Huku kwetu zote tunaziita GoPro hata kama si GoPro, lakini zinatofautiana na tofauti zake ukiwa kwenye maji unaziona haraka.

Usianze na swali la ina K ngapi, yaani ukali wa picha. 4K inatosha kabisa, mambo ya 8K kwa video ya familia ni kujaza kadi tu. Anza na mwanga. Sisi tunatoka saa kumi na moja alfajiri giza bado lipo, na kamera nyingi za bei ndogo muda huo zinatoa picha yenye chengachenga, na ukiwasha ile kazi ya kutuliza mtikisiko ndio picha inazidi kufifia na kurukaruka, kwa sababu kutuliza kunataka mwanga. Ndani ya kamera kuna kile kisahani kinachopokea picha, kikiwa kikubwa alfajiri yako inaonekana. Baada ya hapo angalia kama inaingia majini yenyewe bila kava, maana kava linakaba sauti na likipata joto la jua linatoka ukungu kwa ndani. Na la tatu ni betri.

Kwa vigezo hivyo namba moja kwangu ni DJI Osmo Action 5 Pro, iliyotoka 2024. Inaingia majini hadi mita 20 bila kava, kisahani chake ni inchi 1/1.3 kwa hiyo alfajiri inajitahidi sana, betri ni mAh 1950 na wenyewe DJI wanasema inadumu muda wa saa 4, kwenye matumizi ya kweli ukirekodi 4K usitegemee hizo zote lakini asubuhi moja ya kuvua inamaliza. Kilichonivutia zaidi ina hifadhi ya ndani ya GB 47, kwa hiyo hata ukisahau kadi nyumbani safari haijaharibika. Ilizinduliwa kwa dola 349 Marekani, huku inaongezeka kutegemea nani kaileta na dola imekaaje. Kitu kimoja, inataka uifungue mara ya kwanza kwa programu yao ya simu na intaneti, na kwa simu za Android programu hiyo unaishusha kwenye tovuti yao DJI, Play Store huikuti. Fanya hiyo kazi nyumbani, usije ukaanza kuhangaika na bando ukiwa katikati ya maji.

Namba mbili ni kaka yake, Osmo Action 4 ya 2023. Kisahani ukubwa uleule, mita 18 bila kava, betri mAh 1770. Kama hela inabana chukua hii bila kusita, macho ya kawaida hayataona tofauti kubwa.

Tatu GoPro HERO13 Black. Najua wapo watakaonibishia na ni kamera nzuri kweli, ile kazi yake ya kushika upeo wa macho ni tamu mno ziwani, mtumbwi unalala huku na huku lakini mstari wa maji kwenye video umenyooka kama rula, mtazamaji hapati kichefuchefu. GPS ipo, ambayo HERO12 haikuwa nayo. Vishikizi vyake ndio vimezagaa kila mahali. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya alfajiri tu, kisahani chake ni kidogo kuliko za DJI, na maji ni mita 10, ingawa kwa mtumbwi mita 10 ni nyingi. Angalizo kwa wanunuzi wa mtumba: betri ya HERO13 ni ya peke yake, za HERO12 kurudi nyuma haziingii, usiuziwe betri tatu za bure ambazo hazina kazi.

Insta360 Ace Pro 2 naiweka ya nne. Kioo chake kinageuka juu ukajiona, watoto wanaipenda kwa hilo, na alfajiri inafanya vizuri. Ila kile kioo cha kunyanyuka kwenye mtumbwi wenye nyavu, kamba na watoto mimi roho haitulii.

Ile GoPro HERO ndogo iliyozinduliwa 2024 kwa dola 199 ina gramu 86, inafaa kuvaa mtoto kichwani, lakini betri imejengewa ndani huwezi kubadilisha, ikiisha imeisha.

Za mwisho ni hizi za bei nafuu, AKASO EK7000, SJCAM SJ4000 na ndugu zao. Hizi bila kava maji yanaingia, na ukiziweka kwenye kava sauti ya mzee akisimulia huisikii vizuri. Kama ndio uwezo uliopo nunua, jua likishatoka picha inaridhisha, ila usinunue ukitegemea alfajiri.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo mimi nilipopoteza. HAKUNA hata moja kati ya hizo inayoelea. Zote zinazama. Kabla hujalipia kamera weka pembeni hela ya boya la kamera, kile kishikio cha kuelea cha rangi ya machungwa au njano, na kamba ya kuifunga. Kamba usiifunge kwenye kishikizi kilekile kinachoshika kamera maana kikivunjika vinaondoka vyote, funga kwenye ubao wa kukalia. Kishikizi cha kunyonya hakishiki kwenye mbao, gundi nayo kwenye mbao yenye maji inabanduka, chukua klempu ya meno inayobana ukingo wa mtumbwi. Ya kifuani ndiyo nzuri kuliko zote kwa anayevua, mikono na samaki vinaonekana, ila ivaliwe juu ya jaketi okozi. Jaketi halivuliwi kwa ajili ya picha, sisi watu wa Mwanza tuliobaki moyoni na kuzama kwa meli ya MV Bukoba 21 Mei 1996 hilo halina mjadala.

Mlango wa betri uufute kabla ya kuufunga, punje moja ya mchanga au gamba la dagaa kwenye ule mpira maji yanapita. Na ukiunganisha pawabenki mlango uko wazi, muda huo kamera si ya majini tena. Bora betri mbili.

Memori kadi feki ziko nyingi kuliko original, imeandikwa GB 256 ndani ni 16, inarekodi vizuri halafu nyumbani nusu ya video hazifunguki. Ipime kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw, ni ya bure, ijaze yote kabla ya safari. Tafuta yenye alama ya V30, ndiyo alama ya kasi ya kuandika video. 4K kwa kasi ya Mbps 100 inakula GB 45 kwa saa, kwa hiyo GB 128 ndio pa kuanzia. Dukani mwambie muuzaji airekodi mbele yako dakika kumi, uiangalie palepale, na namba ya kwenye boksi ilingane na ya kwenye kamera.

Mkirudi, kabla hamjapara samaki, hamishia video sehemu mbili. Mimi siku hizi nikifika tu nachomeka kwenye tivii, baba anakaa na mjukuu wake na kumwonyesha wapi alichelewa kuvuta mshipi.